Daftari la Mabao Yasiyoingia

Mimi nilikuwa karani. Sikuwahi kupiga mpira.
Kazi yangu ilikuwa wino, karatasi, nauli za wachezaji,
na kila Jumatatu kupeleka matokeo ofisi ya karakana
kabla king'ora cha saa moja hakijalia.

Daftari la timu lilikuwa na safu ya wafungaji.
Safu ya mabeki haikuwepo.
Nani angeipigia mstari? Ungeandika nini,
kwamba dakika ya thelathini hakikutokea kitu?

Basi nikaligeuza daftari, nikaanza kutoka nyuma.

Zakayo Lugalia. Nambari tano. Mhunzi wa reli.
Siku za kazi anashika koleo mbele ya tanuru,
Jumamosi anashika mtu.
Muthurwa walimwita Bafa,
kile chuma kinachosimama pale reli inapokwisha:
garimoshi lije na wazimu wake wote,
hapo ndipo linapojifunza adabu.

Hakuwa mrefu. Watu husema alikuwa mrefu.
Alikuwa mpana kama mlango wa ghala,
na miguu yake, mmoja ulitazama Kaloleni,
mwingine ukatazama Landi Mawe,
mshambuliaji asijue aufuate upi.

Nimeandika:
Mei 1968, mvua, uwanja tope tupu.
Yule Kombo aliyetoka pwani amekwisha kumchenga kipa,
goli li wazi kama bakuli la ombaomba.
Bafa anakuja kwa makalio kutoka sijui wapi,
mpira unamgonga gotini, unatoka nje.
Bao halikuingia. Moja.
Watu walimshangilia kipa.

Agosti 1971. Kichwa kimepasuka, kimefungwa soksi.
Mabao matatu hayakuingia.
Usiku ule alinikuta kibandani pa mama Nyaguthii,
akala chapati sita na maharagwe bila neno,
kisha akauliza tu kama yule kijana aliyemkanyaga
amefika kwao salama.

Hakutukana. Alihema.
Washambuliaji waliniambia baadaye
kilichowamaliza si bega wala kiwiko,
ni ile pumzi kisogoni
inayonuka makaa ya mawe na tangawizi,
dakika tisini, kama mtu anayekudai.

Wengine walitajwa redioni hadi kwa majina ya utani.
Mtangazaji akifika kwake alisema: mpira umeokolewa.
Umeokolewa! Na nani?
Tendo limetendwa, mtendaji kaachwa kwenye nyasi
anatafuta jino.

Mwaka wa sabini na saba goti lilikataa.
Lilikuwa limemwonya tangu Krismasi.
Wakamuaga kwa blanketi, saa ya ukutani,
na hotuba ya meneja aliyemwita Zakaria.
Jumatatu alikuwa tanuruni.

Nimekaa na daftari hili miaka mingi kuliko ndoa yangu.
Hatimaye nikampelekea, Makongeni,
karatasi zimekuwa rangi ya chai.
Nilikuwa nimejumlisha mara mbili,
kwa penseli, kisha kwa wino:
mia nne na kumi na mawili.
Nilidhani atalia. Nilibeba leso.

Akavaa miwani ya mkewe, akasoma kwa kidole,
mstari kwa mstari, mpaka chai ikafanya utando,
kidole kikasimama Machi 1974.

"Hili si langu," akasema.
"Hili lilizuiwa na mtambaapanya. Mimi nilikuwa nimeshapitwa."

Nikamwambia, Bafa, nani anakumbuka?

Akaninyooshea kalamu.

Mia nne na kumi na moja.